Hoteli Hufa Mlango wa Nyuma Kwanza

Hoteli inayopendwa ikianza kufa, mteja huwa wa mwisho kujua. Anaketi, analetewa sahani, anakula, analipa na kwenda zake. Wa kwanza kujua ni yule anayegonga mlango wa nyuma alfajiri na mzigo wa viazi, kisha wa kuku, kisha wa mafuta, kisha wapishi wenyewe. Mimi nimekuwa upande huo wa mlango kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya utu uzima, nikitoa viazi Kinangop na Ol Kalou, huko Nyandarua, na kuvileta Nairobi. Nimeona hoteli zikianza na meza nne, zikajaa mpaka watu wanasimama kando ya ukuta kungoja nafasi, zikafungua matawi, halafu asubuhi moja unakuta kufuli mlangoni na karatasi ya dalali kwenye kioo. Kila moja ikifungwa, maneno ni yale yale: chakula kiliharibika, au watu walihamia kwingine. Chakula huharibika, ndiyo, lakini huharibika baada ya mambo mengine kuharibika. Hayo mambo mengine ndiyo yaliyonikalia moyoni miaka hii yote, na ndiyo ninayotaka kuyaeleza.

Wazee wa Nairobi bado hutaja Wimpy. Aliyeikuza ni kampuni ya Uingereza, J. Lyons, iliyofungua Wimpy ya kwanza London mwaka wa 1954. Kufikia miaka ya sabini Uingereza peke yake ilikuwa na Wimpy zaidi ya 500, na jina lilikuwa limeenea hadi huku kwetu, Kenyatta Avenue ikiwemo. Uliketi mezani, mhudumu akakuletea baga kwenye sahani pamoja na uma na kisu. McDonald's ilipoingia Uingereza mwaka wa 1974 na mtindo wake wa kaunta, Wimpy ilianza kubanwa, lakini haikuuawa na wateja. Mwaka wa 1989 ilinunuliwa na Grand Metropolitan, kampuni iliyokuwa imetoka tu kuipata Burger King, na matawi mengi yakabadilishwa bango yakawa Burger King. Kijana wa leo wa Nairobi ukimtajia Wimpy atakuuliza ni kitu gani. Afrika Kusini, ambako ilifika mwaka wa 1967, ipo mpaka sasa na familia huenda kula kiamsha kinywa humo. Tena mwaka wa 2007 kampuni ya huko huko, Famous Brands, ndiyo iliyonunua kilichobaki cha Wimpy ya Uingereza. Jina lile lile, baga karibu ile ile, na hatima mbili tofauti kabisa. Nikisikia mtu anasema Wimpy ilikufa kwa sababu watu walichoka na baga zake, huwa namwambia akaulize Durban.

Hoteli ninayoijua kwa undani sitaitaja jina. Wenyewe wapo na wana watoto, na jina halitamsaidia msomaji. Ilianza kama chumba kimoja katikati ya jiji, upande wa chini wa Tom Mboya Street, ikiuza kuku na chipsi, sosi ya nyanya na kachumbari. Mwenyewe alikuwa mama mmoja mtulivu aliyeketi kwenye kaunta kuanzia asubuhi, na jikoni alikuwa na mpishi mtu mzima kutoka Vihiga. Huyo mpishi ndiye aliyenifundisha viazi, mimi niliyezaliwa na kukulia kwenye viazi.

Siku niliyompelekea mzigo mara ya kwanza hakuniuliza bei. Alichota ndoo ya maji, akatia chumvi konzi kwa konzi huku akikoroga kwa mkono, kisha akachomoa viazi kutoka gunia la katikati, si lile la juu, akavitosa. Vilivyozama akaviweka kando. Vilivyoelea akavitoa, akavipangusa kwa aproni, akaniambia, "Kijana wangu, hivi ni vya mchuzi. Nitavichukua kwa bei ya mchuzi." Kiazi kinachozama kwenye maji ya chumvi kina wanga mwingi na maji machache. Ukikikaanga, nje kinakauka na ndani kinabaki laini. Kinachoelea kimejaa maji. Chipsi zake hulegea kabla sahani haijafika mezani, na hunywa mafuta mengi. Baadaye sana nilikuja kusikia maofisa wa kilimo wakieleza jambo hilo hilo kwa maneno ya kitaalamu. Yeye alilijua kwa ndoo na chumvi.

Alikuwa na mpangilio ambao hakuuvunja hata siku ya mwisho wa mwezi, foleni ikiwa imefika nje. Viazi vikikatwa, huoshwa mpaka maji yabaki safi, yaani wanga wa juu umetoka wote. Hukaangwa mara ya kwanza kwa moto wa wastani hadi viive bila kubadilika rangi, kisha hutandazwa kwenye sinia vipoe. Mteja akiagiza, vinarudi kwenye mafuta makali sana kwa muda mfupi. Usiku mafuta huchujwa kwa kitambaa safi, na yakianza kutoa povu na moshi mapema, humwagwa. Kumwaga mafuta ni kumwaga pesa, na yule mama alikuwa akimwona anayamwaga wala hasemi neno.

Kulipa nako kulikuwa hivyo hivyo. Nikishusha mzigo, mama anahesabu magunia mwenyewe, anafungua droo, ananilipa pale pale na kuniambia, "Pole na safari, mwanangu." Nilikuwa narudi Kinangop na pesa mfukoni, na wakulima walionipa viazi kwa kuniamini wanalipwa jioni hiyo. Watu wanaokula chipsi mjini hawafikirii kwamba ile droo inalisha nyumba za watu mlimani. Inalisha, na ikifungwa, huko ndiko njaa inakoanzia.

Hoteli ilipendwa kwa haki kabisa. Lilifunguliwa tawi la Buruburu, likafuata la Rongai, na yote mawili yalijaa. Wanawe walikuwa wamemaliza chuo na wakaingia kwenye biashara. Ni kipindi ambacho Nairobi nzima ilikuwa ikihamia kwenye majengo makubwa ya maduka. Sarit Centre ilikuwapo tangu mwaka wa 1983 na Village Market tangu 1995, lakini baada ya Thika Road kupanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka wa 2012, majengo ya namna hiyo yaliota kila upande. Mwenye hoteli aliyekuwa akitafuta nafasi humo aliuliza swali moja kabla ya kutia sahihi: supamaketi ni ipi? Na jibu ambalo kila mtu alitaka kulisikia lilikuwa Nakumatt. Nakumatt, iliyotoka kwenye biashara ya magodoro Nakuru hadi kuwa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, ilikuwa ndiyo dhamana ya kwamba watu watakuja. Mtu anakuja kununua unga na sabuni, mtoto analia njaa, wanaingia kwako. Kodi ya nafasi hizo ilikuwa juu mno, na nyingine zilitajwa kwa dola, lakini hesabu ilionekana inaingia.

Hoteli yetu ikaingia majengo mawili kwa mkupuo mmoja. Hapo ndipo mlango wa nyuma ulipoanza kubadilika, miaka kadhaa kabla mteja yeyote hajaona chochote.

Kwanza oda iliacha kutoka kwa mpishi. Ilihamia ofisini, ikawa inatoka kwa kijana mwungwana aliyevaa tai, ambaye sidhani kama aliwahi kumenya kiazi. Hakuwa mtu mbaya. Alipewa kazi ya kupunguza gharama, na kwenye karatasi yake viazi vyote ni viazi. Akataka bei moja mwaka mzima, ilhali bei ya viazi Nyandarua hupanda na kushuka kufuatana na mavuno. Mwezi wa Julai na Agosti gunia linaweza kukosa mnunuzi, na miezi miwili mitatu baadaye linagombaniwa. Wauzaji wengine walikubali bei hiyo moja, wakaifidia kwa kuleta viazi vyovyote.

Pili, likajengwa jiko la pamoja eneo la viwandani, viazi vikatwe huko na kusambazwa kwenye matawi. Wazo lenyewe si baya, hoteli nyingi kubwa duniani hufanya hivyo. Lakini waliweka viazi kwenye chumba cha baridi kali ili visichipue. Kiazi kinachopandwa sana kwetu ni Shangi, kinachopendwa kwa sababu kinaiva upesi jikoni na kinazaa vizuri shambani, ila kina tabia ya kuchipua mapema mno baada ya kuvunwa. Ukikikimbilia na baridi kali, wanga wake hugeuka sukari. Ukikikaanga, sukari inaungua, chipsi zinakuwa za kahawia na zenye uchungu kidogo kwa ndani, na mteja anadhani umetumia mafuta machafu. Mpishi wa Vihiga aliliona jambo hilo wiki ya kwanza. Aliwaeleza kwa adabu, akaambiwa mashine imenunuliwa ghali na fundi aliyeiuza amethibitisha. Nilikuwapo, nikishusha mzigo. Aliinama akaendelea kuchambua, na nilimwona uso umebadilika. Mtu wa heshima zake, anayejua anachosema, anaambiwa na wanaoweza kuwa watoto wake kwamba mashine inajua zaidi.

Tatu ni malipo, na hili ndilo kubwa kuliko yote. Droo ya mama ilikwisha kazi. Tukaambiwa tutalipwa baada ya siku 30 kwa hundi. Tukazoea. Zikawa 60, kwa maelezo kwamba mfumo wa hesabu unabadilishwa. Zikafika 90, na sasa hakukuwa na maelezo, ni kupiga simu na kupokewa na mtu mwingine kila mara. Wakati huo huo tawi jipya lilikuwa linapigwa sakafu ya vigae na taa za kuning'inia. Ilinichukua muda kuyaunganisha mambo hayo mawili, na nilipoyaunganisha yalinikaa sawasawa: viazi vyangu vilikuwa vimekwisha kuuzwa na kuliwa, mteja amelipa taslimu, na pesa hizo ndizo zilizomlipa fundi wa vigae. Tawi jipya lilikuwa likijengwa kwa pesa za wakulima wa Kinangop, za wafugaji wa kuku wa Kiambu na za mama wa nyanya wa Kirinyaga, bila riba na bila hata kuombwa. Benki ikikukopesha, inakuhoji, inataka hati, inaangalia vitabu. Sisi tulikuwa benki isiyohoji.

Biashara inayokua namna hiyo haiwezi kusimama hata kidogo. Tawi la nne linalipa deni la tawi la tatu, na tawi la tano linalipa la nne. Mradi unafungua, pesa mpya zinaingia leo na madeni yanangoja miezi mitatu. Siku usiyofungua jipya, madeni yote yanafika kwa pamoja. Ndiyo maana hoteli nyingi huonekana ziko kileleni mwaka ule ule zinapoanguka. Gazeti linaandika zimefungua tawi la ngapi, na mlango wa nyuma kuna watu wamekaa kwenye makreti wanangoja hundi.

Nakumatt yenyewe ilianguka kwa njia hiyo hiyo, kwa kipimo kikubwa zaidi. Mwaka wa 2016 na 2017 rafu zilianza kuwa tupu. Wauzaji waliokuwa wakidai walikataa kuleta bidhaa, na bila bidhaa hakuna mauzo ya kulipa madeni. Deni lilipita shilingi bilioni 30. Matawi sita ya mwisho yaliuziwa Naivas, na Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ifungwe. Kabla yake Uchumi, supamaketi tuliyokua nayo tangu miaka ya sabini, ilikuwa imewekwa mwaka wa 2006 chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali kwa niaba ya wadai, ikafufuliwa, kisha mwaka wa 2015 ikafunga matawi yake ya Uganda na Tanzania. Wengi wanazikumbuka hizo kama habari za supamaketi. Kwa mwenye hoteli zilikuwa habari za hoteli. Supamaketi ikizima taa ndani ya jengo la maduka, ngazi za umeme zinazunguka bila mtu, na anayeuza kuku na chipsi ghorofa ya juu anabaki na wafanyakazi wa duka la simu wanaokula kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi. Kodi haipungui. Baadhi ya majengo yalipata bahati ya Carrefour, iliyoingia Kenya mwaka wa 2016, ikachukua nafasi zilizoachwa. Jengo walilokuwamo wateja wangu lilikaa na nafasi tupu kwa muda mrefu, limezungushiwa mbao zilizopakwa rangi.

Nilikuwapo siku dalali alipofika tawi hilo. Kwa sheria ya Kenya mwenye jengo anayedai kodi anaweza kukamata mali iliyomo bila kungoja kesi ya miaka, na ndivyo alivyofanya. Walianza na majiko, wakafuata majokofu, wakafuata mashine za kukaangia zikiwa bado na mafuta ya vuguvugu; mafuta yakamwagikia vile vigae. Wahudumu walisimama wakiwa na sare, wengine hawajalipwa miezi miwili. Hakuna aliyepiga kelele. Msichana mmoja wa kaunta aliendelea kupangusa meza ambayo ilikuwa inangojwa kubebwa.

Huko mbele nilikuja kujua mpangilio wa kulipwa kampuni inapovunjwa, na ningependa kila anayelima na kuuza kwa mkopo aujue kabla hajauhitaji. Benki yenye dhamana iko mbele. Mishahara na kodi za serikali zina nafasi yake. Sisi tusio na dhamana, wa viazi, nyanya, mkaa na maziwa, tuko mwisho, na kwa kawaida pesa zinakuwa zimekwisha kabla hazijatufikia. Watu wengi wanadhani aliyeleta chakula atalipwa kwanza kwa sababu bila yeye pasingekuwa na hoteli. Sivyo. Sheria ya ushindani ilirekebishwa mwaka wa 2019 ili mnunuzi mkubwa anayemkandamiza muuzaji mdogo, pamoja na kumcheleweshea malipo bila sababu, aweze kushtakiwa kwenye Mamlaka ya Ushindani. Ni hatua njema na naiunga mkono. Lakini mdai wa magunia ya viazi anayetoka Njabini hana nauli ya kufuata shauri Nairobi, na anaogopa kumpoteza mnunuzi.

Kisha ikaja korona. Machi 2020 hoteli ziliambiwa ziuze chakula cha kubeba tu, na amri ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27 mwezi huo. Haikuondolewa hadi Oktoba 2021. Hoteli yetu ilikuwa imebakiwa na matawi mawili, na hayo mawili hayakufunguliwa tena. Kwa hiyo ukimuuliza mtu leo atakwambia iliuawa na korona. Mimi nilikuwa nimeiona ikiugua miaka mitano kabla.

Sitaki nionekane nasema kila hoteli hufa kwa madeni. Nyingine huondolewa na ardhi. Simmers, pale Kenyatta Avenue, palikuwa na nyama choma, bendi na watu mpaka usiku, na Mei 2021 ilibomolewa kutokana na mgogoro wa ardhi. Hakuna mtu aliyekuwa amelalamikia nyama yake. Hilton, iliyokuwa alama ya jiji tangu mwaka wa 1969, ilifunga mwisho wa 2022, na migahawa iliyokuwa ndani yake ikaenda nayo. Katikati ya jiji kumebaki na pengo, na sisi tunaopita na mizigo alfajiri tunaliona kwa idadi ya milango iliyokuwa ikifunguliwa na sasa haifunguliwi.

Vile vile mwenye mali anaweza kuanguka na hoteli ikabaki. Java House ilianza na duka moja la kahawa Adams Arcade, Ngong Road, mwaka wa 1999. Mwaka wa 2017 ilinunuliwa na Abraaj, kampuni ya uwekezaji ya Dubai, na mwaka uliofuata Abraaj yenyewe ikaporomoka kwa kashfa iliyotikisa dunia ya fedha. Actis, kampuni nyingine ya uwekezaji, ikaichukua mwaka wa 2019, na matawi yakaendelea kuuza kahawa asubuhi iliyofuata. Mteja hakujua kuna lililotokea. Hilo linanithibitishia ninaloliamini: mlango wa nyuma ukiwa unafanya kazi, yaani mzigo unaingia, unalipwa, na jikoni kuna wanaojua kazi yao, hoteli inaweza kuvumilia hata kuanguka kwa mwenyewe. Mlango huo ukivunjika, hakuna tajiri atakayeiokoa.

KFC nayo ilitufundisha jambo. Ilifungua tawi la kwanza Kenya mwaka wa 2011, na Januari 2022 ikatangaza chipsi zimekwisha kwa sababu meli zilizobeba chipsi kutoka nje zimechelewa, ikawashauri wateja wachukue ugali au kachumbari ya kabichi badala yake. Nchi ilikasirika, na mimi pia. Viazi ni zao letu la pili la chakula baada ya mahindi, na wakati huo Nyandarua kulikuwa na viazi vinavyooza. Lakini hasira ilipotulia nilijiuliza kama sisi wauzaji tungeweza kumpa mnunuzi kama huyo viazi vya ukubwa mmoja, vya aina moja, vyenye kumbukumbu ya dawa zilizopulizwa, wiki baada ya wiki, mwaka mzima. Wengi wetu tulikuwa bado tunafunga magunia yenye kilemba, yaliyorefushwa mpaka yanapita kilo 100, wakati kanuni za mwaka wa 2019 zilikwisha kusema gunia lisizidi kilo 50. Kilemba kinamwibia mkulima na kinavunja mgongo wa mbebaji. Vyama vya ushirika vilivyo makini vimeanza kuchambua na kuweka viazi kwenye maghala yenye ubaridi wa kiasi, na hao ndio watakaouza kwa wakubwa.

Kwa sasa nikishika mteja mpya naangalia mambo ambayo zamani sikuyatilia maanani. Nataka kujua nani anapokea mzigo, mpishi au karani. Mpishi akiwa na sauti ya kukataa kiazi kibaya, natulia. Nanusa mafuta. Hoteli iliyoanza kukosa pesa huanza kuyachelewesha mafuta; mwaka wa 2022, Indonesia ilipozuia mawese kwenda nje kwa wiki kadhaa na bei ikapaa, nilijua kwa pua tu ni nani hali yake imekuwa ngumu. Naangalia ubao wa vyakula. Hoteli ya kuku ikiongeza piza, halafu samaki, halafu baga, katika miezi michache, mara nyingi inatafuta pesa mahali ambapo haijui kazi. Na nasikiliza wafanyakazi. Mhudumu akiniomba nauli ya kwenda nyumbani, naelewa kuliko ambavyo ningesoma vitabu vya hesabu.

Zaidi ya hayo, napunguza mzigo kwa wakubwa na kuongeza kwa wadogo. Wenye vibanda vya Githurai, Pipeline na Kawangware wananilipa kwa M-Pesa kabla injini haijazimwa. Kila mmoja anachukua kidogo, na safari ni nyingi, lakini wakulima wangu wanalipwa siku hiyo. Hata hivyo sifurahii kwamba imekuwa lazima kuchagua hivyo. Hoteli kubwa iliyo safi, yenye mshahara wa mwezi, likizo na bima kwa wahudumu, ni kitu kizuri mjini. Ile hoteli yetu, katika miaka yake mizuri, iliajiri vijana wengi waliotoka shule bila kazi ikawafundisha ufundi. Ikifa hoteli kama ile, ujuzi huo hutawanyika, na vibanda haviwezi kuubeba wote.

Yule mpishi wa Vihiga hakurudi kwao. Ana chumba chake Kahawa West, meza chache, mkewe kwenye kaunta, na mmoja wa wale wasichana wa kaunta amekuwa mshirika wake kwa akiba yake mwenyewe. Bado anavitosa viazi vyangu kwenye maji ya chumvi, na bado ananirudishia. Juzi alinipigia simu kwamba amepata nafasi nyingine Ruiru, karibu na stesheni, na mwenye jengo anamsukuma atie sahihi. Aliniuliza kama nitaweza kumpa viazi vya wiki sita kwa mkopo mpaka tawi lisimame. Nilimwambia, "Mzee, nakuheshimu kuliko unavyojua, lakini hizo wiki sita si zangu, ni za watu wa Kinangop." Alinyamaza kidogo, akasema anaelewa. Tukakubaliana angoje hadi Desemba, Kahawa West ijilipe yenyewe, na akifungua nitampa bei ya shambani kwa miezi mitatu ya kwanza, taslimu kila mzigo. Mkewe alichukua simu akaniuliza kama bei hiyo itajumuisha usafiri. Nikamwambia itajumuisha.